Darubini iko angani kwenye baridi, kwa nini waigandishe tena?

Fundi wa Katuba: Jambo wote. Mimi ni fundi wa matengenezo kwenye kiwanda cha shaba hapa Lubumbashi. Kazini tuna kamera ya joto ya kukagulia mota na tanuru. Nimesoma kwamba WISE, darubini iliyopiga picha mbingu nzima kwa mwanga wa infraredi, ule wa joto usioonekana kwa macho, ilibeba hidrojeni iliyoganda ya kuipoza. Huko juu si baridi tayari?

Mwalimu wa Kampemba: Fundi, elekeza kamera yako kwenye bamba la shaba lililosuguliwa vizuri. Unaona nini?

Fundi wa Katuba: Najiona mwenyewe, sura na mikono. Ndiyo maana vijana tunawafundisha wasimame kando wanapopima.

Mwalimu wa Kampemba: Basi darubini haina pa kusimama kando. Kila chenye joto hutoa infraredi, na yenyewe imo. WISE ilizunguka kilomita 525 tu juu yetu, Jua likiipiga huku, Dunia ikiitupia joto kule. Bila kupozwa, mng'ao wa kioo chake cha sentimita 40 ungefunika kile inachokitafuta. Vihisi vya infraredi yenye mawimbi ya urefu wa mikromita 12 na 22 vilishushwa hadi karibu digrii 265 chini ya sifuri! Na chini hapa ni vigumu zaidi, maana mvuke wa hewani unameza infraredi nyingi.

Malipo yake ni haya: mwaka 2014, katika picha zake, kilitambuliwa kibete cha kahawia WISE 0855, yaani kitu kidogo mno kuwaka kama nyota, umbali wa miaka ya nuru 7 hivi. Hakina hata joto la mwili wako, fundi, na bado kilionekana. Mimi hilo halijaniisha mshangao.

Mama Ruashi: Na hidrojeni ilipoisha?

Mwalimu wa Kampemba: Iliisha 2010, mama, haijatimiza mwaka tangu irushwe Desemba 2009. Vihisi vya 12 na 22 vikapofuka, vya 3,4 na 4,6 vikaendelea. Ikalazwa, ikaamshwa 2013 kwa jina la NEOWISE, ikawinda asteroidi mpaka 2024. Darubini ya SPHEREx, iliyorushwa Machi 2025, haibebi cha kuisha: ngao tatu zenye umbo la koni zinazuia joto, inapoa yenyewe, na inapima mbingu kwa rangi 102.

Mtoto wa Kipushi: Msisahau jermaniamu. Lenzi za kamera nyingi za joto ni hiyo: kwa macho ni kipande cha kijivu kisichopitisha mwanga, ila infraredi inapenya. Ilichimbwa kwetu Kipushi, na imo kwenye terili ya Lubumbashi, lile lundo la mabaki ya uyeyushaji. Darubini ya IRAS ya 1983, iliyotangulia kupima mbingu kwa infraredi, ilikuwa na vihisi vya jermaniamu kwa mikromita 60 na 100.

Fundi wa Katuba: Lenzi yangu ni ya kijivu hivyohivyo! Asanteni sana. Mwalimu, picha za WISE zinauzwa?

Mwalimu wa Kampemba: Ni bure. Ingia IRSA, hifadhi ya mtandaoni ya picha za infraredi ya chuo cha Caltech, Marekani, andika jina la nyota, itakuletea picha.