Tupeane uzoefu: kujitolea kumjengea nyumba familia isiyojiweza

Wadau, watu wa jumuiya, msikitini na maofisini wanachangishana kumjengea mjane au mzee. Nguvu huwa haikosi, kinachokwama ni mpangilio. Mwenye ujuzi aweke hapa, hasa hesabu. Tuchukulie nyumba ya mita 8 kwa 6, vyumba viwili na sebule, tofali za saruji za inchi 6.

Ndulele: Kabla ya chepe, kiwanja. Kama ni cha ukoo wa marehemu mume, wakwe wakae na mjane mbele ya mwenyekiti wa kijiji, waandikishane na kusaini. Kwa Tanzania, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanaume ya kumiliki ardhi. Watu huona aibu kuuliza, halafu nyumba ikipauliwa ndipo shemeji anajitokeza.

Karai: Hesabu hizi hapa. Kuta za nje mita 28, za ndani 10, jumla 38. Kozi moja (mstari mmoja wa tofali kuzunguka kuta zote) inakula tofali 83, hivyo msingi wa kozi nne ni kama 330. Kuta za juu za mita 2.7, kabla ya kutoa milango na madirisha, ni kama 930. Weka 1,300 kwa jumla, pamoja na zitakazovunjika. Mfuko wa kilo 50 utoe tofali 30 tu. Wanaofyatua 45 wanajisifu kuokoa saruji, lakini tofali hizo zinamomonyoka kwenye toroli hata kabla hazijafika kwa fundi. Zimwagiliwe asubuhi na jioni siku saba, kivulini.

Timazi: Nyongeza kwa Karai: watu arobaini wakija Jumamosi, usiwape mwiko. Kona na timazi (kamba ya kupimia ukuta usiiname) ni za fundi. Wao wasombe maji, wapange tofali karibu na ukuta, wachekeche mchanga. Kazi inayowafaa kweli ni kumwaga jamvi (zege la sakafu) na lenta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha), maana zege halitakiwi kukatika katikati. Uwiano 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), na maji yasizidi lita 25 kwa mfuko. Mchanga ukiwa mbichi, punguza. Hapa ndipo pa kusimamia kwa ukali, kwa sababu kila anayechoka kugeuza zege anaongeza ndoo ya maji ili lilainike, na likikauka linabaki na vitundu na nguvu inapungua. Lenta: nondo nne za milimita 12, ringi (vyuma vya kuzifunga pamoja) kila sentimita 20.

Ndulele: Na Jumatatu nani atamwagilia hilo zege? Mtaje kwa jina Jumamosi hiyo hiyo.

Kenchi: Mnasahau paa, na michango hufia hapo hapo. Nunueni bati kwanza, zikae kwa mtu mwaminifu, sehemu kavu. Ukiacha nusu mita ya kivuli (bati linalotokeza nje ya ukuta) kila upande, mteremko ni kama mita 3.7, bati la futi 10 ni mita 3. Safu ni 12 kila upande, kila safu bati zima na kipande cha mita moja, vilaliane kwa sentimita 15. Bati moja linatoa vipande vitatu: jumla 32, kofia (bati la kufunika kilele cha paa) mbali. Geji ni kipimo cha unene wa bati: 28 ni nene kuliko 30. Karibu na bahari msijaribu 30. Msumari upigwe mgongoni mwa wimbi, kamwe si bondeni.

Karai: Na mbao zipakwe dawa ya mchwa kabla hazijapanda, ncha zilizokatwa zirudiwe.