Matembezi ya hisani ya afya ya akili: niende na binti yangu ilhali mimi mwenyewe nina ugonjwa wa wasiwasi?

Baba Wawili, Dar es Salaam

Ndugu zangu, naomba ushauri wenu katika jambo ambalo kwa asiyelipitia linaweza kuonekana dogo. Binti yangu wa kwanza, mwenye miaka tisa, amerudi kutoka shuleni na karatasi ya mwaliko wa matembezi ya hisani ya kilomita tano, yatakayofanyika Jumamosi iliyo karibu na tarehe 10 Oktoba, ambayo ni Siku ya Afya ya Akili Duniani. Fedha zitakazochangwa zitagharamia huduma ya ushauri nasaha kwa vijana. Karatasi yenyewe ameibandika kwenye mlango wa friji, na kila jioni ananiuliza kama nimeshatuandikisha.

Tatizo ni kwamba ugonjwa unaochangiwa ndio ninaouugua mimi, na yeye hajui. Miaka mitatu iliyopita nilishikwa ndani ya daladala, kwenye foleni: moyo ulienda mbio, vidole vikafa ganzi, jasho likanitoka, nikaamini kabisa kwamba ninakufa, nikashuka katikati ya barabara na kuuacha mkoba wangu kwenye kiti. Nilipimwa moyo mara kadhaa bila kuonekana kasoro, hadi daktari wa tatu aliponieleza kwamba ule ulikuwa mshtuko wa hofu unaotokana na ugonjwa wa wasiwasi. Nilitumia dawa kwa zaidi ya mwaka mmoja, na sasa ninaonana na mwanasaikolojia mara moja kwa mwezi. Kazi ninafanya na watoto ninalea kama kawaida. Hata hivyo, mimi na mama yao tulikubaliana kwamba watoto waambiwe baba ana presha, kwa sababu presha kila mtu anaielewa na hakuna anayemcheka mwenye presha.

Njia iliyopangwa inaanzia Coco Beach, inavuka Daraja la Tanzanite hadi upande wa Hospitali ya Aga Khan, kisha inarudi palepale. Wanaolifahamu daraja hilo wanajua kwamba lina urefu wa takribani kilomita moja juu ya bahari, na kwamba ukishafika katikati huna pa kuchepukia. Tangu lifunguliwe mwaka 2022 nimelipita kwa gari tu, tena nikihesabu nguzo za taa hadi ng'ambo. Ninaogopa kushikwa pale katikati mbele ya mwanangu. Ninaogopa pia fulana, kwa maana zimeandikwa maneno ya afya ya akili kifuani, na yeye kusoma anajua. Akiniuliza, "Baba, na wewe unaumwa hivi?" nimjibu nini? Au niseme nina dharura kazini aende na mama yake, kama nilivyofanya siku ya mahafali yake ya chekechea?

Mama Kelvin, Mbezi

Pole sana, kaka. Mimi nina hali kama yako, na mwaka jana nilishiriki matembezi ya aina hii nikiwa na mwanangu, kwa hiyo nitakuambia niliyoyaona kwa macho yangu.

Nianze na hiyo presha, kwa sababu na mimi niliitumia. Mwanangu alikuwa na miaka sita. Kila nilipojifungia bafuni hadi hali ipoe, nikifungua mlango nilimkuta amesimama nje na kikombe cha maji, na wala hakuna aliyemtuma. Nilidhani ni upole wake tu, hadi siku moja aliponiuliza kama nitazikwa kijijini kwa bibi au hapa mjini. Jirani yetu mmoja alikuwa amefariki mwaka ule, na msiba mzima watu walirudia kusema kwamba ni presha iliyomuua. Fikiria, kaka: kwa miezi kadhaa mtoto alikuwa akisimama mlangoni akisubiri kifo changu, kwa sababu nilichagua neno ambalo mimi nililiona la heshima na yeye alilijua kwa jeneza. Nilipomweleza kwamba mama ana ugonjwa wa wasiwasi, kwamba mwili wake hupiga kengele ya moto wakati hakuna moto, na kwamba kengele hiyo inatisha lakini haiui, alichoniuliza ni kama kengele hiyo inaweza kulia usiku. Nikamwambia inaweza. Akarudi kwenye katuni zake.

Kuhusu siku yenyewe, ninakushauri usiwahi sana. Karatasi itasema saa kumi na mbili asubuhi, lakini kutakuwa na mazoezi ya viungo mbele ya spika kubwa, kisha mtamsubiri mgeni rasmi, kisha mgeni rasmi atahutubia. Kwangu mimi kilichokuwa kigumu kuliko kutembea ni ule msongamano wa kuanzia, watu mia kadhaa wamebanana nyuma ya utepe. Kaa pembeni hadi wengi watangulie, kisha uanze mwishoni na familia zenye watoto wadogo, ambako kila mtu anasimamasimama na hakuna atakayejua kwa nini na wewe umesimama. Pia usilisubiri daraja hadi siku hiyo. Nenda mapema, asubuhi ya Jumapili jua halijawa kali, utembee kipande tu na kurudi.

Muuguzi Mstaafu, Morogoro

Wanangu, nimefanya kazi katika wodi na kliniki za afya ya akili kwa miaka mingi, na ninapenda kuongeza machache kuhusu mwili, maana hofu hupungua makali mtu akijua kinachoendelea ndani yake.

Hofu inapopanda, mwili humwaga adrenalini, mapigo ya moyo huongezeka, na pumzi huwa fupi na za haraka. Mtu anayepumua hivyo hutoa kaboni dayoksaidi nyingi kuliko inavyotakiwa, na upungufu wake katika damu ndio unaoleta kizunguzungu na ile ganzi ya vidole uliyoipata kwenye daladala. Maana yake ni kwamba ulipodhani umekosa hewa, ulikuwa ukiivuta kupita kiasi. Kwa kawaida mshtuko hufikia kilele ndani ya dakika kumi hivi, kisha hushuka wenyewe hata usipofanya lolote. Ukikupata darajani, sogea kwenye ukingo wa njia ya waenda kwa miguu, shika reli, vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi nne na uitoe taratibu ukihesabu hadi sita. Jitahidi usigeuke kukimbia hofu ikiwa kileleni, kwa sababu ukikimbia, akili inajifunza kwamba daraja ndilo lililokuwa hatari na kuliacha ndiko kulikokuponya, na safari ijayo itakuwa ngumu zaidi. Isubiri ishuke hata kidogo, ndipo uamue kuendelea au kurudi.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni kwamba kutembea kwenyewe kunaongeza mapigo ya moyo na kutoa jasho, na mwenye ugonjwa huu anaweza kuyachukua mapigo ya mwendo kuwa dalili za hofu. Kwa hiyo anza sasa kutembea kwa kasi mtaani kwako, dakika ishirini au thelathini, mara nne kwa wiki, ili uizoee sauti ya moyo wako ukiwa na afya njema. Asubuhi ya siku hiyo kunywa chai kwa kiasi, kahawa uiache, na usiondoke na njaa. Usikubali mtu akupe kidonge chake cha kutuliza mapigo ya moyo, kwa kuwa baadhi ya vidonge hivyo ni hatari kwa mwenye pumu, na dawa ya mwenzio ni ya mwenzio. Na ikiwa siku yoyote utapata maumivu ya kifua yanayosambaa hadi mkononi au tayani, au ukazimia, usijiambie kwamba ni wasiwasi tu. Nenda hospitali.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 301 walikuwa na magonjwa ya wasiwasi. Katika umati utakaotembea nao, elewa kwamba wenzako hawatakosekana, na wengine nao wamewaambia watoto wao kwamba ni presha.

Mgogo wa Dar

Mimi nitatofautiana kidogo na waliotangulia, kwa heshima zote. Nimekulia Dodoma, na kwetu mtoto akifanya ujinga wowote darasani huambiwa atapelekwa Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili. Hospitali ile imewatibu watu wengi mno, lakini jina lake limegeuzwa tusi nchi nzima. Kwa hiyo ninapomsikia mtu akishauri kwamba mtoto aelezwe kila kitu, ninajiuliza Jumatatu mtoto huyo atasema nini shuleni, na wenzake watamjibu nini. Mtoto wa miaka tisa hana mfuko wa kutunzia siri.

Ndugu yangu, kutembea hakukulazimishi kutoa ushuhuda. Wengi watakaovaa fulana ile wanachangia tu, kama mtu anavyochangia matibabu ya saratani bila kuwa na saratani. Ukitaka kumwambia binti yako, mwambie kwa sababu umekuwa tayari, na fulana isiwe ndiyo iliyokusukuma. Lakini ile dharura ya kazini achana nayo, kwa maana umeshaitumia mara moja na bado unaikumbuka.

Mama Kelvin, Mbezi

Kaka Mgogo, hofu yako ninaielewa, na mwanangu alilisema shuleni kweli. Mwalimu aliniita. Nilikwenda nikitetemeka, na kumbe alitaka kuniuliza ni kliniki gani ninayohudhuria, kwa ajili ya mdogo wake. Sisemi kwamba itakuwa hivyo kwa kila mtu. Wapo watakaocheka.

Baba Wawili, Dar es Salaam

Shikamoo Muuguzi, na ninawashukuru nyote. Nimekaa kimya kwa siku kumi na moja kwa sababu nilitaka kurudi nikiwa na la kusema.

Habari ya jirani wa Mama Kelvin ilininyima usingizi. Nilimuuliza mke wangu kama binti yetu amewahi kusema lolote kuhusu presha, naye akanyamaza kwanza, kisha akaniambia kwamba tangu mwaka jana mtoto huwa anakataa niwekewe chumvi mezani. Nilikuwa nimeona kichupa cha chumvi kinahamishwa hadi kabatini kila tunapokula, nikadhani ni mchezo wake na mdogo wake.

Nilimwambia Jumamosi jioni, tukiwa wawili, tunamenya viazi. Nilitumia ile kengele ya moto, kwa ruhusa yako Mama Kelvin. Aliniuliza, "Kwa hiyo si presha?" Nikamwambia si presha, na kwamba nilikosea kusema ni presha. Akauliza kama chumvi haina shida. Nikasema haina shida, kwa kiasi. Kuhusu shule, kaka Mgogo, nilifuata tahadhari yako kwa namna yangu: nilimweleza kwamba hii ni habari ya nyumbani kwetu, kwamba anaweza kuizungumza na mama, na bibi, na mimi, na kwamba mtu mwingine akimuuliza aje aniambie kwanza. Kama ataweza, sijui.

Jumapili saa kumi na mbili na nusu asubuhi tulikwenda darajani. Upepo ulikuwa mkali kuliko nilivyotarajia, na magari yakipita unahisi sakafu ikitikisika chini ya miguu, jambo ambalo ndani ya gari sikuwahi kulijua. Kwenye nguzo ya tisa vidole vilianza kufa ganzi. Nilishika reli nikahesabu kama Muuguzi alivyoelekeza, na binti yangu akasimama kando yangu akitazama mitumbwi ya wavuvi, bila kusema neno. Baada ya muda akaniuliza, "Imelia?" Nikamjibu ndiyo. Tukasubiri. Tulifika nguzo ya kumi na nne, tukageuka tukarudi kununua mihogo.

Nimetuandikisha wawili. Mama yake atatusubiri upande wa Aga Khan akiwa na mdogo wake pamoja na gari, ili nikishindwa kurudi kwa miguu nipande. Fulana ya binti nimeagiza ya saizi kubwa, maana amesema baadaye ataivaa kulalia. Yangu bado sijaamua kama nitaivaa au nitaibeba begani.