Breki ya mbele: niishike au niiache?

Kijana wa Soni
Wakuu, naombeni msaada. Nina miezi mitatu barabarani na pikipiki ya hesabu, yaani ya tajiri ninayempelekea hela, breki za dramu mbele na nyuma. Nabeba abiria na mizigo Lushoto–Mombo, kilomita 30 na ushee za kona tupu. Aliyenifundisha alinikataza kabisa breki ya mbele: "Ukiigusa tu, unaruka juu ya usukani."

Juzi nashuka na gunia la kabichi, mbuzi akakatiza. Nikakanyaga ya mguu mpaka mwisho. Tairi la nyuma likajifunga, mkia ukaja pembeni, nikaishia mtaroni. Goti limechunika, kabichi nimezilipa. Jana nikaazima pikipiki ya jamaa nijaribu ya mbele uwanja wa mpira, pale golini penye mchanga. Nikala mweleka hata sijui imekuwaje. Sasa nimwamini nani?

Bampa kwa Bampa
Mwaka wa nne huu sijaigusa ya mbele. Waya wenyewe nilishautoa. Breki ni ya mguu, hiyo nyingine urembo.

Mzee wa Gia ya Pili
Huyo hapo juu asikupoteze, mdogo wangu.

Simama kando ya pikipiki yako, isukume kwa mikono, kisha shika breki ya mbele. Tazama shokapu zinavyozama. Ukifunga breki, uzito unakimbilia mbele, nyuma panabaki pepesi. Ndiyo maana tairi lako la nyuma liliserereka, na ndiyo maana kwenye lami kavu kazi kubwa ya kusimamisha ni ya mbele. Ila usiidake! Ikamue kama unakamua ng'ombe: anza kidogo, shokapu zikishazama ndiyo uongeze, na mguu unasaidia wakati huohuo.

Mchangani ulijaribu mahali pabaya. Kwenye mchanga, kokoto au tope tegemea zaidi ya nyuma, ya mbele iguse tu, usukani ukiwa umenyooka. Ukihisi tairi la mbele limejifunga, achia papo hapo. Kona, punguza mwendo kabla hujaingia.

Na mteremko huo wa kwenu usiushuke kwa breki. Mimi nashuka na gia ya pili, klachi siigusi, injini yenyewe inaizuia pikipiki. Dramu ukizikalia muda mrefu zinapata moto, na siku hiyo utakanyaga hadi unyayo uume na pikipiki inaenda tu.

Kijana wa Soni
Shikamoo mzee wangu, asante sana. Nimeisukuma kama ulivyosema. Shokapu hazikuzama hata kidogo! Nikibana breki ya mkono inagonga usukani, pikipiki inatembea. Fundi kafungua: waya umeshika kutu, breki shuu zimekwisha. Nimempigia tajiri, ananiuliza, "Kwani ya mguu haipo?"

Nimenunua kwa hela yangu.