Naomba ushauri: ubora wa metadata za nyaraka za serikali upimwe vipi?

Wanajamvi, nipo Tanga, ambako nimepewa kazi ya kukagua metadata (taarifa fupi zinazoielezea kila nyaraka, kama mahali na tarehe) katika mfumo wa kutafutia nyaraka wa taasisi moja ya umma. Sehemu zote zimejazwa, lakini anayetafuta tangazo la viwanja vya Ngamiani Kusini halipati, kwa sababu kata imeandikwa "Ngamiani Kus.", na tarehe iliyowekwa ni ya kupakia faili, si ya kutolewa kwa tangazo. GILS, mfumo wa kutafutia taarifa za serikali ya Marekani, ulipotathminiwa miaka ya 1990, vigezo vilijumuisha usahihi, ukamilifu na manufaa kwa mtafutaji. Kwangu hicho cha mwisho ndicho kizito zaidi. Je, nichukue sampuli ya rekodi nizilinganishe na nyaraka zenyewe, au nianzie kwenye maswali wanayoleta wananchi dirishani? Mliowahi kuifanya kazi hii, naomba mnielekeze.