Mrejesho: Shujaa wa kabila la Chui Milia ameacha kufa mapema

Wakuu, asanteni. Swali lilikuwa: kwa nini shujaa wetu, mpiganaji wa aina ya barbarian kutoka Reghed, wale wahamaji wa Icewind Dale (nchi ya kubuni ya barafu) wanaofuata makundi ya kulungu wa theluji, anaanguka mapema mezani kwetu hapa Moshi? Tunacheza Dungeons & Dragons toleo la 5, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, kwa kanuni za 2014.

Kosa la kwanza lilikuwa deraya nzito. Ukiivaa, ghadhabu (hasira ya vita, uwezo maalumu wa barbarian) haikupi faida yoyote. Tumeivua. Wepesi 14 (+2) na ustahimilivu 16 (+3) vinatoa kinga, yaani namba ambayo adui lazima aifikie ili akupige, ya 10+2+3 = 15, na ngao inafikisha 17.

La pili ndilo lililotuumiza zaidi. Ghadhabu hudumu dakika 1, raundi 10, lakini inakatika zamu yako ikiisha bila kumshambulia adui wala kuumizwa tangu zamu iliyopita. Wapiga mishale walikuwa wanarudi nyuma, yeye anakimbia tu, inazimika. Na ngazi ya 1 unazo ghadhabu 2 tu hadi mapumziko marefu! Dawa ni ile mikuki 4 ya kurusha ya kuanzia: futi 30 bila shida, hadi 120 kwa shabaha mbovu. Ukirusha, ghadhabu inabaki hai, ila nyongeza yake ya +2 ya madhara huipati. Hiyo ni ya mapigo ya karibu, ya silaha iliyo mkononi, yanayotumia nguvu.

Ghadhabu ikiwa hai, madhara ya silaha hupungua nusu: upanga wa pointi 9 sasa unamtoa 4. Moto haupungui, kwa hiyo wachawi muwawahi kwanza.