Msaada: ginkgo yangu ya mbegu haitaki kunenepa, nataka iwe bonsai

Kibaraza_Tabata: Wakuu, habari za jioni. Nina ginkgo, mti wa asili ya China, niliyoiotesha mwenyewe kwa mbegu; nataka iwe bonsai, yaani mti unaodumazwa chunguni. Shina limebaki jembamba kama penseli na majani yanakauka pembeni. Nikate kichwa sasa au nisubiri? Mti huu naupenda sana, sitaki kuupoteza.

Mzee wa Mikwaju: Kijana, achana na miti ya ubaridini. Mkwaju upo, mbuyu upo, haina makuu. Mbuyu wangu nimeulea kwenye karai tangu kitinda mimba wangu yuko chekechea, leo ana ndevu.

Bi Mashada: Uko ndani au nje? Umeshawahi kupukutisha majani?

Kibaraza_Tabata: Upo sehemu nzuri tu, haupigwi na jua kali.

Bi Mashada: Nimeuliza ndani au nje, mwanangu.

Kibaraza_Tabata: Ndani, chumbani kwenye kiyoyozi. Haujapukutisha tangu uote. Kwao China kuna baridi, nikaona joto la Dar litauua. Na nimeshaukata mzizi mkuu, upo kwenye sinia la bonsai. Nisaidieni kuanzia hapo.

Dogo_Mbagala: Mti unalala kwenye kiyoyozi, mimi feni yenyewe mbovu 😂

Bi Mashada: Ndiyo maana haunenepi. Shina hunenepea kwenye chungu kikubwa, nje penye mwanga, majani yakiwa mengi. Sinia huja mwishoni. Kichwa usikate: kidonda kikubwa cha ginkgo hakifungi vizuri. Bana ncha changa tu. Na kiyoyozi kinakausha hewa, hakileti kipupwe. Mti huu lazima upukutishe majani ulale, yaani upumzike kwenye baridi kila mwaka.

Kibaraza_Tabata: Ginkgo zilichipua tena Hiroshima baada ya bomu la 1945, leo ishindwe Tabata?

Mpekuzi: Hii chai. Mbegu za ginkgo za dukani za kula nyingine zimeshapikwa, haziwezi kuota. Weka picha ya jani.

Kibaraza_Tabata: Mdogo wangu anasoma Wuhan, aliziokota chini ya mti, akaosha ile nyama yake inayonuka. Nikazifukia kwenye mchanga wenye unyevu ndani ya friji kabla ya kupanda. Picha hiyo.

Mpekuzi: Jani lenyewe. Limepasuka katikati, mishipa inagawanyika miwili miwili. Nafuta kauli. Ila cheti cha afya ya mimea kilikuwepo?

Mzee wa Mikwaju: Hapo umegusa penyewe. Wadudu wangapi wameingia nchini kwa mtindo huo!

Bi Mashada: Turudi kwenye mti. Hiroshima kuna kipupwe, Tabata hakuna. Una ndugu Njombe au Makete kwenye baridi, akulelee?

Kibaraza_Tabata: Kaka yupo Njombe, lakini nataka niulee mwenyewe. Friji ndogo ya kuulaza nimeshanunua. Nyuzi joto ngapi?

Bi Mashada: Kati ya 2 na 5, usigande, udongo uwe na unyevu kidogo. Matunda usiweke humo, gesi yake inadhuru machipukizi. Lakini mti unaoumwa usiulaze. Kwanza utoe nje kivulini, chungu kirefu, upate nguvu.

Kibaraza_Tabata: Kivulini nautoa kesho asubuhi. Chungu hapana mama, sinia lile nimeagiza kwa hela nyingi.