Aliyetafsiri tangi akaandika "kifaru" ajitokeze hapa

Wakuu, nimetoka shifti ya usiku, usingizi umegoma kwa hasira. Nipo kiwanda cha mafuta ya kula, mkoa sitaji. Tumeletewa laini mpya ya mashine kutoka nje, tukaambiwa skrini ina Kiswahili. Tukashangilia. Kumbe!

Tangi namba 2 limeandikwa "Kifaru 2". Kitufe cha kuwasha pampu: "Kimbia". Haya tunacheka, ukizoea umezoea.

Kinachoniuma ni neno KOSA. Kila hitilafu, skrini inatoa maandishi mekundu: "KOSA LA PAMPU". Jamani, kiwandani kosa ni la mtu, ndiyo lugha ya barua ya onyo. Kuna dogo, wiki yake ya pili, likitokea tu analifuta haraka supavaiza asilione. Kafuta mara sita usiku mmoja. Ilikuwa beringi inachemka. Asubuhi beringi zimekwisha na shafti imelika.

Hapo likazuka la saa. Dogo kaandika kwenye daftari "saa 8 usiku", kama unavyoandika wewe na mimi. Mashine imerekodi 02:00. Fundi wa wenye mashine kapitisha daftari kwenye programu ya kutafsiri, kaenda kutafuta saa 20:00, hakukuta kitu. Ripoti yake inasema opareta kadanganya!

Rangi nazo, mnisikilize. Chumba cha umeme, taa nyekundu kwenye swichi kubwa maana yake imewashwa, umeme unapita, kijani umekatwa. Vuka mlango uingie kwenye laini: nyekundu mota imesimama, kijani inazunguka. Nikamuuliza yule fundi, akajibu kila upande umefuata utaratibu wa fani yake. Sawa mtaalamu, ila mimi nina kichwa kimoja na shifti ya masaa 12.

Tangi, washa, zima, hitilafu. Maneno manne, hata mlinzi wa getini angewapa bure. Hakuna aliyekuja kukaa na opareta hata nusu saa kabla ya kufunga hiyo skrini.

Dogo kapewa barua ya onyo jana.

Sasa naomba msaada kwa waliopo viwandani: kuna aliyewahi kubadilisha maneno ya skrini mwenyewe? Menyu ya lugha kwetu ina nywila, na nywila wanayo wao. (Wa "jifunze Kiingereza" pita kushoto.)